Mwanangu, hata mimi niliacha mpira

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa barazani peke yangu kabla ya adhana ya alfajiri. Umesema daktari amekwambia kano ya goti uliyofanyiwa upasuaji haitahimili tena mpira wa kugeuka ghafla na kugongana, na tangu utoke kwake hujui jioni zako uzipeleke wapi. Kisha ukaniuliza: "Mama, nimekuona ukicheza hiki ukaacha, ukashika kile ukaacha. Uliwezaje kuhama bila moyo kuuma?"

Moyo uliuma, mwanangu. Kila mara uliuma. Umeniona nikiwa tayari nimeshatulia, hukuwa na umri wa kuona nilivyokuwa kabla. Sasa wewe ni mtu mzima wa miaka 33, acha nikueleze.

Michezo ya kwanza hakuna aliyenifundisha. Sisi wasichana wa Ngamiani tulicheza rede kila jioni, mpaka bibi yako aite kwa sauti ya ukali. Wawili husimama huku na huku na mpira wa matambara, mmoja hubaki kati na chupa tupu. Wanamrushia, anakwepa, na humo humo katika kukwepa anachota mchanga kwa kiganja aijaze chupa. Ukipigwa umetoka. Mimi nilikuwa mfupi na mwepesi, nikawa na jina mtaani kwa rede kabla sijajua kusoma.

Nilikuwa na miaka 11 redio iliposema Filbert Bayi amevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand. Ilikuwa Februari 1974, dakika 3 na sekunde 32.16. Babu yako alitueleza kuwa Bayi alishika uongozi tangu mwanzo akakaa nao mpaka mwisho, wala hakungoja watu wachoke. Basi watoto wa mtaa mzima tukawa tunakimbia vivyo hivyo, tunatoka kwa kasi yote, na kabla ya nusu ya njia kila mtu kashika kiuno, pumzi hana.

Sehemu ya pili ya habari ya Bayi niliielewa baadaye sana, na ndiyo inayokuhusu wewe. Medali yake ya Olimpiki hakuipata kwenye mita 1500. Aliipata Moscow mwaka 1980, medali ya fedha, katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Humo unaruka viunzi mara 28 na dimbwi mara 7. Mpaka Paris 2024, yeye na Suleiman Nyambui, aliyepata fedha ya mita 5000 katika michezo hiyo hiyo, ndio Watanzania pekee waliopata medali ya Olimpiki. Mtu dunia nzima inamjua kwa mbio moja, naye akakubali kurudi kwenye mbio za kukanyaga kiunzi na kutua majini. Nimemfikiria mara nyingi kwa hilo.

Mchezo wangu mimi ulikuwa mpira wa pete. Shule ya msingi, sekondari, chuo cha ualimu, kote nilicheza senta. Senta anaingia kila sehemu ya uwanja isipokuwa zile nusu duara mbili za magoli, kwa hiyo anakimbia kuliko wote na hafungi hata goli moja. Na pete haina kubeba mpira. Ukiudaka hutembei nao, na sekunde 3 zikipita hujautoa, filimbi inalia. Lazima uwe umeshamwona utakayempa kabla mpira haujafika mikononi mwako. Darasa la watoto 70 nililifundisha kwa macho hayo hayo ya senta, na sijui ningeyapata wapi kwingine.

Ulipofikisha miezi minane nikarudi mazoezini. Nilikuwa na miaka 29. Aliyekuwa akiifundisha timu yetu akaniambia mbele ya wenzangu kwamba mwenye mtoto akalee mtoto, nafasi yangu ameshampa mwingine. Nikaondoka na raba zangu mkononi. Baba yako nilimficha kwa wiki nzima. Kwa muda mrefu baada ya hapo, nikitoka kazini nilizunguka kwa barabara ya nyuma ili nisipite uwanjani nikasikia wenzangu wakiitana.

Nikakaa miaka 12 bila kucheza chochote. Baiskeli niliendesha kama wanawake wengi wa Tanga, lakini ilikuwa ya kazini na sokoni, sikuihesabu. Nilijiambia nasubiri hamu ya pete iishe kwanza, ndipo nitatafuta kingine. Haikuisha. Miaka ile 12 ndiyo ninayoijutia, na ndiyo iliyonifanya niandike barua badala ya kukujibu kwa simu. Wewe nawe unasubiri maumivu yaondoke ndipo uanze. Anza nayo. Mimi hamu ya pete ninayo hata leo, nikipita shule yoyote yenye nguzo mbili za magoli nasimama, na hainizuii kitu.

Mwaka 2004 nikiwa na miaka 41, jirani yetu alinigongea dirisha alfajiri ya Jumapili nikajiunge na kikundi chao cha jogging. Unawakumbuka, wale wa kukimbia kwa nyimbo. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na mwendo wote unafuata wimbo. Nilidhani nyimbo ni za kujichangamsha tu. Kumbe ndicho kipimo: ukishindwa kuitikia, umeshazidisha kasi, punguza. Hapo nikaelewa kwa nini sisi wa Ngamiani tulikuwa tunaishiwa pumzi. Hatukuwa Bayi, na hakuna aliyetuambia kwamba mbio nazo zina pole yake.

Miaka minne baadaye tukapanda basi, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same, hadi Moshi, nikakimbie nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21. Kupanda kuelekea Mweka nilikutembea sehemu kubwa. Kuna mama mmoja wa huko alikuwa kando ya barabara na mtoto mgongoni, akapiga vigelegele akanisindikiza hatua kama 20 hivi, hanijui simjui. Nikamaliza kwa saa 2 na dakika 50. Nawe siku niliporudi ulivaa ile medali mpaka shuleni.

Halafu kisigino kikaanza. Asubuhi hatua ya kwanza kutoka kitandani ilikuwa kama kukanyaga msumari. Nikapumzika, nikarudi, kikarudi nacho. Safari hii nilihuzunika tena, lakini sikuzunguka barabara ya nyuma. Nilikwenda kila Jumapili kukaa pale wanapoanzia, nikawashikia maji na funguo. Na hapo hapo ndipo mmoja wao, binti niliyemfundisha darasa la tatu, akaniuliza kwa nini siogelei.

Mwanangu, mimi nimezaliwa nikisikia bahari, na nilikuwa sijui kuelea. Wanawake wangapi wa pwani wako hivyo! Tunaingia hadi magotini, tunaokota chaza, tunafua, tunarudi nyumbani. Kaka zangu walijifunza kwa kujirusha kutoka kwenye ngalawa, sisi tuliambiwa tukae nchi kavu tuwaangalizie nguo. Nikawa na miaka 54 nilipoingia maji ya Raskazone na suruali ya kubana, shati refu la mikono na mtandio uliofungwa kisogoni.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutoa pumzi nikiwa na uso ndani ya maji. La pili, kulala chali. La pili lilinichukua wiki sita. Mwili wenye hofu hukaza shingo ili kichwa kisizame, na kichwa kikiinuka miguu inazama, ukizama unaogopa zaidi, unakaza zaidi. Yeye alikuwa akinishika kisogo kwa kiganja kimoja na kurudia neno moja tu: "Legeza, mwalimu, legeza." Maji ya chumvi yanabeba kuliko unavyofikiri, ukiyaacha yabebe. Siku nilipoelea kwa mara ya kwanza, labda sekunde kumi, nililia pale pale majini.

Nimewaza kwa nini nililia siku ile ilhali siku ya Moshi sikulia. Nadhani ni hivi. Katika pete nilikuwa hodari, na hodari anahesabu. Kila mechi nilijua mipira mingapi nimepoteza, nani ananitazama, nani anakuja kuchukua nafasi yangu. Baharini sikuwa na sifa ya kulinda. Nilikuwa mwanafunzi, nikapewa kitu kizima ambacho jana sikuwa nacho. Ukiniuliza leo ni mchezo gani uliwahi kunifurahisha kuliko yote, nitakutajia huu ambao siuwezi vizuri. Naogelea mita 200 pole pole na kutoka.

Kwa hiyo sidhani unaulilia mpira peke yake. Nimekusikia mara tatu, na mara zote tatu umetaja jinsi walivyokuwa wakikuita uwanjani. Hilo ni la kweli na linauma, wala sitakuambia si kitu. Lakini wenzako bado wapo. Jumamosi nenda ukakae nao pembeni ya uwanja hata kama utarudi nyumbani umenyamaza. Mimi niliwakimbia wangu, wengine sikuwaona tena mpaka misibani.

Baba yako, Allah amrehemu, aliyekulea uwanjani Mkwakwani na kukusimulia ubingwa wa Coastal Union wa 1988 mpaka ukaukariri, naye alipoacha kucheza alihamia kwenye bao. Nilidhani ni kukaa kitako tu. Siku moja akanikalisha akanionyesha: mashimo 32, kete 64, na mtu anahesabu kichwani kete itakapoishia kabla hajaigusa. Alikuwa anapumua kama aliyetoka mbioni. Lile bao lake lipo, nimelipaka mafuta.

Sasa sikiliza. Muulize mtaalamu wako wa mazoezi ya viungo kama goti limeshakuwa tayari kwa kuogelea, na hasa muulize kuhusu mateke. Teke la mguu ulionyooka, la juu na chini, ni jingine; teke la chura, la kupanua na kufunga, linazungusha goti, na nadhani hilo utaambiwa uliache kwanza. Akikuruhusu, njoo Idi kubwa. Idi kubwa huangukia siku ya kumi ya mwezi mwandamo, siku hizo maji huwa mafu, hayajai kupita kiasi wala hayatoki mbali, na mkondo haukokoti mtu. Kwa anayejifunza hakuna siku nzuri kuliko hizo. Siku ya pili ya Idi tutashuka asubuhi, maji yakiwa yanajaa taratibu. Usinunue chochote huko Dodoma, kaptura yako ya mpira inatosha.

Nitakushika kisogo kwa kiganja mpaka wewe mwenyewe uniambie niachie.

Mama yako
Tanga