Tabaka za ramani hazilingani: usizivute kwa kipanya

SWALI: Mwalimu, salaam. Nafanya utafiti wa shahada kuhusu jinsi GIS, yaani ramani za kompyuta zenye taarifa ndani yake, inavyotumika katika afya, maji na ardhi, kati ya Mpigi na Masaka, hapa Uganda. Vituo vya afya nimevichukua kwa simu, mito nimeichora kutoka ramani ya zamani ya karatasi, visima nimepewa na ofisi moja kwenye Excel. Nikizifungua pamoja kwenye QGIS, programu ya ramani, kila kundi likiwa tabaka lake, mito imekaa pembeni mita mia kadhaa, na visima havionekani kabisa. Jamaa wa duka la kompyuta ananiambia nivute tabaka kwa kipanya mpaka zikae sawa. Nivute?
Mwanafunzi, Mbarara

JIBU: Usivute chochote. Swali hili hunijia kila muhula, na kila mara kuna jamaa wa duka aliyetangulia kutoa dawa.

Visima havijapotea. Iambie QGIS ikuonyeshe tabaka nzima utavikuta jirani na Ncha ya Kaskazini. Tazama zile namba za kaskazini kwenye Excel, zinazohesabu mita kuelekea kaskazini: kisima cha Masaka mjini kitakuwa na kama 9,962,000. Katika UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kutaja mahali kwa mita, kwa upande wa kusini Ikweta hupewa 10,000,000 ili namba zisiwe hasi. Kwa upande wa kaskazini hupewa sifuri. Wewe umeiambia programu kwamba visima ni vya kanda 36 kaskazini, nayo imetii. Barabara yako inavuka Ikweta pale Kayabwe, penye yale maduara meupe wageni wanapopigia picha, kwa hiyo chagua kanda moja kwa kazi yote. Mimi ningechukua 36 kusini, ambayo namba yake ndani ya QGIS ni EPSG 32736.

Mito nayo ina ugonjwa mwingine. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, simu yako inatumia WGS84, mfumo wa GPS, na hapa Uganda tofauti ya hizo mbili ni takriban mita 300, sehemu kubwa kaskazini na kusini. Soma maandishi ya pembeni mwa karatasi, ipe tabaka jina la mfumo wake halisi, ndipo uigeuze iwe kwenye mfumo wa kazi yako. Angalia vizuri: kuna amri inayobandika jina tu na kuna amri inayokokotoa namba upya. Wengi hubonyeza ya kwanza wakaamini wamefanya ya pili.

Sasa huyo jamaa na kipanya chake. Ukivuta mto mpaka ukae chini ya daraja, macho yatafurahi, na kosa litakuwa limezikwa mahali ambapo hata msimamizi wako hataliona. Halafu utachora duara la kilomita 5 kuzunguka kituo cha afya na kuandika kwamba kijiji fulani kimehudumiwa, kumbe kiko ng'ambo ya kinamasi cha mafunjo na mgonjwa anazunguka nusu siku. Mtu wa afya anauliza njia, mtu wa maji anauliza mteremko, mtu wa ardhi anauliza mpaka. Kompyuta ni ile ile, ila kosa wanaloweza kulivumilia si moja. Andika hilo kwenye utafiti wako. Lina uzito kuliko orodha ya programu.

Kwa mtu wa ardhi ndipo hasira yangu ilipo. Madalali wa siku hizi wanatembea na simu, wanachukua kodineti (namba za mahali) za kona nne, wanachapisha karatasi ya rangi na kuiita ramani. Simu inaandika desimali sita, na desimali ya sita ya digrii ni kama sentimita 11, basi mnunuzi anaamini amepimiwa kwa sentimita. Simu hiyo mahali pa wazi inakosea kama mita 5, chini ya migomba inazidi. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina upana wa mita 15 tu. Mama mmoja aliniletea karatasi ya namna hiyo akiwa ameshajenga ukuta. Tulipofukua, jiwe la mpaka lilikuwa ndani ya jiko lake, na upande wa pili wa jiko ulikuwa kwenye ardhi ya jirani.

Kama dalali anakushikia simu, mwombe asimame kwenye kona, asome kodineti. Nendeni mkanywe chai. Mkirudi, asimame pale pale asome tena, nawe uziandike zote mbili, uone zinavyotofautiana, kabla hujatoa hata shilingi.