Barua kwa mwanangu: anza na mfuko wa dawa

Mwanangu,

Umeniuliza kama wahka wa mama mkwe wako tangu aanguke bafuni ni uzee tu, na kama umnunulie vidonge vya usingizi. Yote mawili, hapana.

Mzee mara chache husema "nina wasiwasi". Atakwambia moyo unamwenda mbio, tumbo linamsokota, usingizi hauji. Ndiyo maana wengine hutibiwa tumbo mwaka mzima.

Zimwage mezani dawa zake zote, hata za mafua alizojinunulia. Salbutamoli, ile ya pumu ya kupuliza, huupeleka moyo mbio na kutetemesha mikono. Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe mwilini, ikimezwa jioni hufukuza usingizi. Muulize daktari kama anaweza kuimeza asubuhi. Vidonge vya thairoidi, ile tezi ya shingoni, vikizidi kipimo, mtu hukaa roho juu kutwa. Hesabu na vikombe vya kahawa: kafeini ya saa kumi jioni, karibu nusu yake bado imo mwilini saa tatu usiku.

Kisha apimwe damu, sukari, thairoidi na mapigo ya moyo. Wahka ukimzukia uzeeni mtu ambaye hakuwahi kuwa nao, shuku mwili kwanza. Akibanwa kifua au pumzi ikimkata ghafla, ni hospitali papo hapo.

Sasa huko kuanguka. Aliyeanguka huogopa kutembea. Asipotembea mapaja hulegea. Yakilegea, kuanguka tena kunakuwa rahisi kweli, na hofu yake inapata haki. Kumwambia "usiogope" hakusaidii kitu. Funga kishikio ukutani, weka taa njia ya chooni, na mtu akiwa karibu ainuke na kuketi kitini mara 5, asubuhi na jioni, akiongeza taratibu hadi 10. Masikio nayo yaangaliwe, huenda ni nta tu. Asiyesikia vizuri hujitenga, na wakati mwingine hudhani anasengenywa. Kwamba upweke na kufiwa navyo huleta wahka, huna haja nikueleze.

Kuhusu vidonge vya usingizi: diazepamu, mojawapo ya hivyo, hutoka polepole katika mwili wa mzee, kwa hiyo cha leo hukikuta cha jana. Asubuhi anayumba, anasahau, na nyonga huvunjika hivyo. Ila kama amekuwa akivimeza kwa wiki kadhaa, usivikatize ghafla, maana anaweza kupata hata degedege; daktari avipunguze kidogo kidogo.

Mazungumzo na mshauri aliyefunzwa husaidia, hata katika umri huo. Akiandikiwa sertralini, dawa ya wahka na sonona, huanzwa na kipimo kidogo, na nafuu huchukua wiki 4 hadi 6, pengine zaidi. Siku za mwanzo wahka waweza hata kuzidi, na hapo ndipo wengi huitupa. Ulizeni pia kuhusu kupima sodiamu, chumvi iliyomo kwenye damu, maana kwa wazee dawa hiyo huweza kuishusha.

Siku ya kliniki beba mfuko uleule wa dawa. Akiulizwa, mwache ajibu mwenyewe, nawe keti upande wa sikio linalosikia.

Mama yako