Maswali yenu: Kitabu cha sheria kilichokuwa cha rabi wa Kihasidi

Wiki jana niliandika kuhusu nakala kuukuu za Shulchan Aruch, kitabu cha sheria za Kiyahudi, zinazopanda bei mnadani kwa sababu tu ziliwahi kuwa mali ya rabi fulani wa Kihasidi, yaani kiongozi wa dini wa Wahasidi, kundi la Wayahudi wanaomfuata kwa karibu sana rabi wao. Maswali yamekuja mengi, na haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Shulchan Aruch ndiyo Talmudi yenyewe? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Talmudi ni bahari ya mabishano ya marabi wa kale kuhusu sheria: huyu kasema hivi, yule kampinga, na mara nyingi wanaachana pasipo kukata shauri. Yosef Karo, aliyeishi Safed huko Galilaya, alitaka mtu apate hukumu bila kuogelea bahari nzima. Kitabu chake kilichapwa mara ya kwanza Venice mwaka 1565, na jina lake maana yake ni "meza iliyoandaliwa". Kina sehemu nne: ya kwanza sala na sikukuu; ya pili vyakula, nadhiri na matanga; ya tatu ndoa na talaka; ya nne mali na madai. Karo alifuata zaidi desturi za Wayahudi wenye asili ya Hispania, kwa hiyo Moses Isserles wa Kraków akapachika humo desturi za Wayahudi wa Polandi, na maelezo yake akayaita "kitambaa cha meza". Yaani mwenzangu umeandaa vizuri, ila umesahau kutandika. Wanazuoni nao wana mafumbo yao.

Jina la rabi mtu yeyote anaweza kuliandika. Mnajuaje kuwa kitabu kilikuwa chake kweli? (Msomaji, Mombasa)

Swali zuri, na wauzaji wengi hawalipendi. Sahihi na mihuri hughushiwa. Mimi naanza na pambizo. Msomaji wa zamani aliandika maoni yake pembeni mwa ukurasa kwa wino. Miaka ikipita jalada likachakaa, kitabu kikapelekwa kwa mjalidi, naye akazipunguza kingo kwa kisu ili zikae sawa. Ndipo unakuta neno la pambizoni limekatwa katikati, nusu ipo na nusu imekwenda na kisu. Muuzaji mgeni huona hiyo ni kasoro. Kwangu ni ushahidi mzuri, kwa kuwa maandishi yaliyokatwa yalikuwapo kabla kitabu hakijajalidiwa upya. Baada ya hapo ndipo unalinganisha mwandiko na barua za rabi zinazojulikana.

Angalia pia kurasa za mwanzo. Wenye vitabu wengi, kabla ya kuandika majina yao, walianza na maneno ya Zaburi 24: "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana." Halafu ndipo anaandika kwamba kitabu hiki ni cha fulani. Anakiri kwanza kwamba si chake, kisha anadai ni chake.

Mwaka wa kuchapwa nao huandikwa kwa herufi zenye thamani ya namba, kama hesabu ya abjadi wanayoijua wazee wetu wa pwani. Mara nyingi elfu huachwa. Ukipata 575, jumlisha 1240, unapata 1815. Kumbuka tu kuwa mwaka wa Kiyahudi huanza mnamo Septemba au Oktoba, kwa hiyo unaweza kukosea kwa mwaka mmoja.

Kwa nini Wahasidi walipe zaidi? Sheria si ni ile ile? Au ni hirizi? (Msomaji, Zanzibar)

Sheria ni ile ile. Neno la Kiswahili lililo karibu zaidi ni kutabaruku. Kwa Mhasidi, rabi wake ni mcha Mungu ambaye baraka hupitia kwake, na kitabu alichokishika na kukitolea machozi hakiwi sawa na cha dukani. Yapo hata matbaa yenye heshima ya namna hiyo. Ya Slavita, katika Ukraine ya leo, ilianzishwa na Moshe Shapira, mtoto wa rabi Pinchas wa Koretz. Mwaka 1835 mfanyakazi mmoja alikutwa amejinyonga, wana wa Shapira wakashitakiwa kwa kumuua, wakahukumiwa kuchapwa viboko wakipita katikati ya safu mbili za askari. Wahasidi husimulia kuwa kofia ya mmoja wa ndugu hao ilianguka katikati ya njia, naye akasimama kuiokota huku viboko vikiendelea, kwa kuwa hakukubali kwenda kichwa wazi. Serikali ya tsar, mfalme wa Urusi, ikafunga matbaa za Kiyahudi, ikabakiza mbili tu za kuruhusiwa. Kwa hiyo kitabu cha Slavita kilichopita pia mikononi mwa rabi kina sababu mbili za kupandishwa bei.

Rabi akifa, vitabu ni vya watoto wake au vya wafuasi? (Msomaji, Kisumu)

Hili lilifika mahakamani. Rabi Joseph Isaac Schneersohn, kiongozi wa sita wa Chabad, tawi mojawapo la Wahasidi, alifariki New York mwaka 1950 akaacha maktaba kubwa. Mwaka 1985 ikagundulika kuwa vitabu vinapungua: mjukuu wake alikuwa akivichukua, mamia, na vingine ameshauza. Yeye alisema ni urithi, jumuiya ikasema ni amana. Ushahidi mmoja mzito ulikuwa barua ya rabi mwenyewe ya mwaka 1946, alipokuwa akitafuta msaada wa kurudishiwa vitabu kutoka Polandi, akavieleza kuwa ni mali ya jumuiya. Binti yake Chaya Mushka, shangazi wa huyo mjukuu, alipoulizwa alijibu kuwa vitabu ni vya Wahasidi, kwa sababu baba yake mwenyewe alikuwa wa Wahasidi. Januari 6, 1987 jaji wa Brooklyn aliipa jumuiya ushindi, na Chabad wanaisherehekea tarehe hiyo kwa kalenda yao hadi leo. Wengi huisherehekea kwa kununua vitabu.

Kikichakaa kabisa hutupwa? (Msomaji, Lamu)

Hakitupwi. Maandishi yenye jina la Mungu huwekwa akiba, kisha huzikwa makaburini. Nanyi Lamu mnajua kurasa za msahafu zilizochakaa hazitupwi jalalani.

Nilinunua kitabu cha Kiebrania kwenye mtumba. Nimetajirika? (Msomaji, Arusha)

Huenda hapana. Talmudi ya Bomberg, mchapaji wa Venice, iliyouzwa New York mwaka 2015 kwa dola milioni 9.3 ni kitabu cha karne ya 16, na nakala kamili za namna hiyo zinahesabika. Vitabu vingi vya sala vya karne ya 19 na 20 havifiki hata bei ya simu yako.

Lakini tafuta mhuri wa maktaba ya Ulaya. Wanazi walipora vitabu vya Wayahudi kwa mamilioni, na baada ya vita Wamarekani walivikusanya ghalani Offenbach, karibu na Frankfurt, wakawa wanavipanga kwa kufuata mihuri hiyo. Si vyote vilivyorudi kwa wenyewe. Ukiuona, usiufute wala usikibandike gundi. Upige picha pamoja na ukurasa wa mbele, unitumie kabla hujamwonyesha dalali.