Usimzuie mama sindano: jibu la mtu mwenye vidole vinane

Weka chini hiyo chupa. Salamu baadaye.

Mwanangu wa Wete, umeandika jana usiku kwamba mama yako ana sukari mwaka wa 7, dakta kamwambia vidonge havimtoshi tena aanze sindano, na nyinyi watoto mmeshachangishana mumnunulie dawa ya chupa ya siku 40 "ili asifike huko". Umeuliza na habari ya asali na embe boribo. Hayo nitayajibu chini. Kwanza nisikilize, maana huko unakokwenda mimi nimeshakwenda na nimerudi. Niliondoka na vidole 10 vya miguu, nimerudi na 8.

Mimi ni mtu wa karafuu, upande wa Mkoani, Pemba. Vidonge nilimeza miaka 6. Dakta akaniambia kongosho limechoka, tuongeze sindano ya insulini, ya kushusha sukari, usiku. Nikachoma wiki 3, sukari ya asubuhi ikashuka kutoka 15 mpaka 8 (kwa kipimo cha mmol/L). Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nikawa sina usingizi, kwa sababu kijijini kwetu niliwajua watu 3 waliochomwa sindano: mmoja kakatwa mguu, mmoja kapofuka, mmoja tumemzika. Hesabu ya barazani ikatoka safi kabisa, sindano inamaliza watu. Hakuna aliyeuliza walianza lini. Wote watatu waliikataa miaka na miaka, wakaja kuikubali macho na miguu imeshaliwa na sukari. Ni sawa na kusema jeneza linaua, kwa kuwa kila unayemwona amelala ndani yake ni maiti.

Ndipo nilipokutana na yule bwana wa kipaza sauti. Simtaji. Alikuwa akisimama sokoni baada ya Alasiri, kanzu imepigwa pasi, chupa zimepangwa kama za mafuta ya nywele. Akaniambia insulini ni nguruwe. Akaniambia ukishaianza huiachi, ni uraibu. Akaniambia kichungu hufukuza kitamu.

La nguruwe lilinimaliza, na ndiyo maana nalijibu hapa, najua mama yako ataambiwa. Zamani kweli, tangu ilipogunduliwa Toronto mwaka 1921, insulini ilikuwa inatolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Lakini tangu 1982 iko inayoitwa insulini ya binadamu, inatengenezwa kiwandani kwa bakteria. Hayo nilielezwa nikiwa nimelala wodini, wakati mzuri sana wa kupata elimu. Na habari ya kutoiacha, mimi hata wali siachi, na hakuna aliyewahi kuniita teja wa wali. Insulini ni kitu ambacho mwili wenyewe ulikuwa ukikitengeneza, wako ukishindwa unasaidiwa.

Kichungu nacho nilikinywa. Shubiri, muarobaini, uwatu, mpaka mke wangu akasema hata jasho langu limekuwa chungu. Sukari ya kwenye damu haionjwi kwa ulimi, mwanangu. Muhogo wa kuchemsha hauna utamu wa kusema, na ukifika tumboni unageuka sukari vilevile.

Chupa 3, shilingi 180,000, pesa ya karafuu. Kile kikombe cha Loliondo cha mwaka 2011 watu walichopanga foleni kilikuwa shilingi 500. Mimi hata kuibiwa nimeibiwa kwa bei ya juu.

Sasa sikiliza mchezo wenyewe ulivyo, maana ndio watakaomchezea mama. Dawa ilikuwa na miiko: siku 10 za mwanzo hakuna wali, mkate, muhogo, ndizi wala chai ya sukari. Samaki na mchicha tu. Siku ya 10 asubuhi, sijatia kitu mdomoni, akanipima kwa mashine yake: 7.2. Wallahi nililia. Nikamkumbatia mwizi wangu mbele za watu. Mtu hujagusa wanga siku 10, na sindano bado nilikuwa nachoma kwa siri kwa kuwa naogopa, sukari isishuke kwa nini? Angenipa maji ya bomba ingeshuka. Kazi imefanywa na sahani na sindano, sifa ikaenda kwenye chupa. Hapo akaniambia umeshapona, tupa sindano na vidonge, na usipimepime, kupima kunaleta wasiwasi na wasiwasi unapandisha sukari.

Nikatupa. Nikarudi kwenye wali wangu wa nazi. Miezi 2 sikupima hata mara moja. Nikawa naamka usiku mara 4 kukojoa, kiu haiishi, nakonda, na watu wananisifu nimependeza.

Msimu ukaingia. Siku moja niko juu ya jamvi nageuza karafuu, mwanangu wa mwisho akasema, "Baba, karafuu zina damu." Nikamwambia ni wekundu wa karafuu mbichi, hajazoea. Akashika mguu wangu akaugeuza. Kulikuwa na tundu chini ya kidole gumba. Msumari ulikuwa umetoboa soli ya kiatu changu, na mimi nimetoka nao shamba mpaka nyumbani bila kuhisi chochote. Sukari ilikuwa imeshaua mishipa ya fahamu ya miguu, na mimi kutosikia maumivu nikakuita kupona.

Unadhani nilikwenda hospitali? Nilimpigia bwana wa kipaza sauti! Akaniambia nichovye mguu kwenye maji ya moto na mafuta ya karafuu, asubuhi na jioni. Mguu usiohisi msumari utahisi moto? Nikajibabua mwenyewe kwa mikono yangu siku 9, mpaka harufu ikamtoa mke wangu chumbani. Aliyenibeba ni shemeji yangu, sikwenda kwa hiari.

Hospitali wakachoma kidole, mashine ikaandika HI. Nikadhani inanisalimia. Kumbe mashine nyingi huandika hivyo sukari ikipita 33, namba zimewaishia. Kidole gumba kikakatwa, na jirani yake akakifuata. Sasa jaribu kuvaa kandambili bila vidole hivyo viwili. Mguu wa kulia naburura, msikitini nakwenda na makubadhi ya mkanda, watoto wananiita Mzee Nusu Kandambili, na mimi nacheka nao kwa kuwa nikinuna wataongeza.

Bwana yule nilipompigia mara ya mwisho alisema nimevunja mwiko, lazima nilikula pweza. Pweza!

Wala sichukii miti. Metformin, dawa ya vidonge ya sukari mnayomeza, asili yake ilitoka kwenye mmea wa Ulaya, lakini ilipimwa, ikatiwa kipimo, inajulikana inafanya nini. Hiyo chupa yenu ndani muna nini? Mwenye kuiuza mwenyewe anajua? Na ikiwa imechanganywa na vidonge vya kushusha sukari vilivyosagwa, jambo ambalo limeshakamatwa nchi nyingi, mama akinywa juu ya dawa zake sukari yaweza kushuka mpaka azimie.

Kwa hiyo mama aanze sindano kama alivyoambiwa, na akishaanza haiachwi. Hata siku 1. Anayepunguza dozi ni dakta tu, tena kwa namba, na namba itoke kwenye mashine yenu ya nyumbani, si ya muuzaji. Sindano haiachwi mama akijisikia vizuri, haiachwi akisifiwa kapendeza, haiachwi hata shekhe wa mtaa akisema. Akitetemeka na kutoka jasho jingi baada ya kuchoma mpimeni, ikiwa chini ya 4 mpeni maji ya sukari haraka, kisha ale. Na muangalieni nyayo kila usiku, mtu mwingine aangalie, si yeye.

Asali ni sukari, nyuki hakumwekea mgonjwa nafuu. Boribo ale kipande, si sahani.

Kesho asubuhi kabla hajanywa hata chai mpimeni, uandike namba hapa, niione. Na chupa kama mmeshainunua, mrudishieni mwenyewe akiwa ameshika kipaza sauti, sokoni, watu wamejaa.