Ukuta wa mawe wa zamani hautaki saruji

Tulipohamia kwenye nyumba ya shamba ya mawe huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ukuta wa jikoni ulikuwa na unyevu hadi usawa wa kiuno. Fundi wa kwanza alitaka autoboe, aingize dawa ya kuzuia maji, kisha apige lipu ya saruji. Namshukuru Mungu hatukuwa na hela.

Nyumba hizi za karne ya 17 na 18 zina kuta pacha: mawe nje, mawe ndani, katikati vifusi, na hapa na pale jiwe refu linalopenya pande zote kuzifunga pamoja. Wetu una unene wa sentimita 60. Mvua huingia kidogo, kisha hutoka kupitia chokaa ya kwenye maungio, ambayo ni laini kuliko jiwe. Aliyekulia nyumba ya matumbawe Lamu au Mji Mkongwe ananielewa.

Saruji ya Portland ilipata hataza mwaka 1824, na aliyeipata hataza hiyo, Joseph Aspdin, alikuwa mwashi wa Leeds, hapahapa Yorkshire. Inafaa kwa mengi, lakini ukizibia maungio ya mawe haya, maji hukosa pa kutokea yakabaki ndani ya jiwe. Baridi ikikaza yanaganda na kutanuka. Upande wetu wa magharibi nilipitisha kidole tu, uso wa jiwe ukabanduka kama ganda la kitunguu. Saruji ya mwenye nyumba aliyetangulia ilikuwa imesimama vilevile, imechomoza.

Kwa hiyo anza nje. Sisi tulikuta gata imepasuka, na udongo wa bustani umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Tulichimba tukaushusha. Halafu ng'oa saruji kwa patasi na nyundo, taratibu. Mashine ya kukatia hula kingo za mawe, na ukingo ukishakatwa haurudi. Jaza chokaa na mchanga wa chenga, funika kwa magunia yenye majimaji, na usifanye kazi hiyo majira ya barafu. Kama nyumba imo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, ulizia kibali halmashauri kabla hujagusa chochote, maana kuibadilisha bila ruhusa ni kosa la jinai.

Ukuta wa jikoni ulikauka baada ya miezi kumi na minane. Ukiwa unasubiri, usipake rangi ya plastiki. Paka chokaa.