Mkaa na ndimu havitoi metali ya risasi kwenye figo ya ng'ombe

Swali: Shikamoo daktari. Nafuga Misungwi. Ng'ombe wangu wanakunywa kwenye bwawa lililo chini ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Jirani ameniambia niwanyweshe maji ya mkaa na ndimu wiki mbili kabla ya mnada, eti yanatoa zebaki na risasi. Wamenona, hawana shida yoyote. Dozi yake ni kiasi gani?

Jibu: Marahaba. Dozi haipo, kwa sababu hiyo si dawa. Mkaa wa tiba tunampa ng'ombe aliyekula majani yenye sumu, uinase sumu ikiwa bado tumboni. Metali nzito kama zebaki na risasi hauzishiki vizuri hata huko tumboni, na zilizoingia tangu mwaka jana zilishatoka huko siku nyingi. Risasi hukaa kwenye ini, figo na mifupa. Kadmiamu, metali nzito nyingine yenye sumu, hujilimbikiza figoni ikakaa miaka. Hiyo ndimu itapita njia gani mpaka ifike kwenye mfupa?

Lakini kinachonichosha zaidi ni hilo la "wamenona". Kila mnada nalisikia. Ng'ombe aliyelamba betri kuukuu ya gari utamjua: anapofuka, anasaga meno, anadondoka akitapatapa. Anayepata kidogo kidogo kila siku anaweza kunenepa, akazaa, akakamuliwa, na figo imeshaharibika kwa mlaji. Tazama viwango vya Umoja wa Ulaya vya kadmiamu kwa kilo moja: nyama ya ng'ombe miligramu 0.05, ini 0.5, figo 1.0. Mnyama mmoja, pengo la mara 20 kati ya mnofu na figo, halafu mtu anakadiria usalama kwa kupapasa nundu! Na msinijie na habari ya kuchemsha sana. Maji yanakauka, metali inabaki sufuriani.

Wewe anza na bwawa: wazuie leo. Wasichunge pia kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu, maana kiangazi nyasi zikiwa fupi ng'ombe hula udongo pamoja na majani, na mwamba uliosagwa unaweza kuwa na risasi na aseniki, nayo ni sumu, hata pasipo zebaki. Usiuze kwanza. Mwite ofisa mifugo achukue damu na maji ya bwawa, yapimwe maabara. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Ukichinja, ini na figo zisiliwe kabla ya majibu.

Ipo sindano halisi ya kutoa risasi mwilini. Ni ya mnyama aliyezidiwa, inachomwa na daktari, na yenyewe inaweza kuumiza figo. Hao wa chupa za minadani hawana hiyo. Wana maji meusi na maneno mengi, na hasara yao haiishii kwenye pesa yako: mfugaji akishaamini mifugo "imesafishwa", kesho yake anairudisha kwenye bwawa lile lile, na mtoto wa mtu Buzuruga, hapa mjini Mwanza, anakula maini. Akikujia tena na chupa, mwambie akuonyeshe cheti cha maabara cha ng'ombe mmoja tu aliyepimwa kabla na baada ya kunyweshwa.