Faili Halina Miguu

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya diplomasia ya uchumi, yaani kuwafungulia wafanyabiashara wetu masoko ya nje, simu iliita saa moja kasoro asubuhi nikiwa ndani ya matatu, tumekwama Mombasa Road. Alikuwa mama mmoja anayeuza juisi nje ya nchi. Namba yangu alipewa na wakala wake wa forodha. Kontena lake lilikuwa na siku 11 katika bandari ya nchi moja ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Forodha ya huko ilikuwa imekikataa cheti chake cha asili ya bidhaa na kumtaka alipe ushuru kamili, kana kwamba mzigo umetoka nje ya soko la pamoja. "Kijana wangu," akaniambia, "wanasema hiyo sahihi hawaijui. Sasa mwenye sahihi mimi nitamtoa wapi?"

Wewe uliyeajiriwa juzi utafikiri cheti kilikuwa bandia. Kilikuwa halali kabisa. Tatizo ni kwamba aliyekisaini alikuwa mgeni kwenye dawati lile. Utaratibu unataka vielelezo vya sahihi na mihuri ya maafisa wanaotoa vyeti vipelekwe mapema kwa forodha za nchi wanachama, ili mzigo ukifika walinganishe. Cha huyu kiliandikiwa barua. Ofisi ya kwanza ikaipeleka ofisi ya pili, na ofisi ya pili ikaiweka kwenye trei ikingoja barua ya kuisindikiza hadi ubalozini. Nikaenda kuitafuta mwenyewe. Jengo hadi jengo, pale katikati ya mji, ni dakika 10 kwa miguu ukihesabu na kusubiri taa. Barua ilikuwa na wiki ya tano njiani. Niliikuta chini ya mwaliko wa warsha ya Naivasha.

Kilichoniuma ni kwamba kila niliyemuuliza alikuwa amefanya kazi yake. Aliyeandika aliandika. Aliyepokea alitia sahihi kwenye daftari la barua, na tarehe akaweka. Hata mimi nilikuwa nimepewa nakala. Niliandika "nimeona" pembeni nikaisukuma ndani ya faili. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza kama imefika.

Ndiyo maana nikipokea maafisa wapya siwaanzishii na sera. Sera ipo, isome: waraka wa sera ya mambo ya nje wa mwaka 2014 uliitaja diplomasia ya uchumi kama mojawapo ya nguzo zake tano. Lakini kwanza jua nani ameshika kalamu gani. Mambo ya Nje ndiyo yenye balozi. Idara ya Biashara ndiyo inayojadili masoko. KEPROBA, iliyozaliwa 2019 kwa kuunganisha baraza la kukuza mauzo ya nje na bodi ya Brand Kenya, inatangaza bidhaa. Cheti cha afya ya mmea ni KEPHIS, viwango ni KEBS, forodha ni KRA. Mfanyabiashara hayajui haya na halazimiki kuyajua. Akifika ugenini yeye ni Mkenya tu, na anayemkagua anaona serikali moja imeandika karatasi zinazogongana.

Kwenye ubalozi kuna fundo lake. Mwambata wa biashara anakaa chini ya balozi, lakini Nairobi anatazamwa na Idara ya Biashara. Ukimwandikia yeye peke yake, balozi atasikia habari kwenye hafla ya watu na atakukumbuka vibaya. Ukimwandikia balozi peke yake, mwenye kujua soko hataiona barua. Waandikie wote wawili, saa ile ile. Na angalia saa yenyewe: saa tisa alasiri hapa, Beijing ni saa mbili usiku.

Sasa tuje kwenye avokado, maana hapo nimejifunza zaidi kuliko kwenye semina yoyote. Mwaka 2019 Kenya na China zilikubaliana avokado zetu ziingie huko zikiwa zimemenywa, zimetolewa kokwa na kugandishwa hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Lilikuwa soko kubwa, na vichwa vya habari vikawa vikubwa vilevile. Ungeshuka Murang'a ukauliza nani ana mtambo wa kugandisha kiasi hicho, ungerudi na jibu fupi sana. Wauzaji wengi hawakuwa nao. Mazungumzo yakaendelea, itifaki ya avokado zisizogandishwa ikasainiwa Januari 2022, na shehena ya kwanza ikaondoka Agosti mwaka huo. Kwa hiyo, ukiona rasimu ya masharti ya soko lolote, itoe kwenye meza za wanasheria uipeleke kwa mtu mwenye ghala la kupakia. Muulize hivi: hili, kesho asubuhi, unaliweza? Akicheka, andika kwamba amecheka.

Maua nayo yana lao. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati yetu na Umoja wa Ulaya ulisainiwa hapa Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Watu wa ushuru walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kuna nondo ambaye kiwavi wake hutoboa waridi akajificha ndani, na mkataba yeye hausomi. Kuanzia Aprili 2025 Ulaya ilikaza masharti juu yake, na sasa nondo huyo lazima adhibitiwe tangu shambani. Aliyejadili ushuru na anayemulika waridi kwa tochi ni watu wa ofisi mbili tofauti, na inawezekana hawajawahi kunywa chai pamoja. Wakutanishe wewe. Chai ni shilingi chache.

Halafu kuna mambo yanayoonekana madogo mpaka jirani ajibu. Tarehe 15 Januari 2024, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ndege za abiria za Kenya Airways hazitaruhusiwa kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania ruhusa ya kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine. Mawaziri wa mambo ya nje wakazungumza, na kesho yake jambo likamalizwa. Sitaki kuhukumu nani alikuwa na haki. Ninachokuomba ni hiki: faili la kumnyima jirani kitu likipita mezani kwako, hata kama ni la wataalamu wa ndege au wa mahindi, uliza tuna nini kwake ambacho atakishika akikasirika. Liandike swali hilo kwa maandishi. Wakubwa huwa hawapendi kuulizwa, ila wanapenda kuwa na karatasi inayoonyesha waliulizwa.

Vikao vitakuchosha, huna budi. Mimi nina sheria moja tu: kwenye kumbukumbu za kikao haliandikwi jina la ofisi mahali panapotakiwa jina la mtu. "Wizara itafuatilia" ni sentensi iliyokufa, kwa kuwa wizara haina simu ya mkononi. Andika jina, andika siku, na siku hiyo ikifika piga simu kabla ya saa nne, kabla hajaitwa kwenye kikao kingine.

Kuhusu zawadi sisemi mengi. Utaletewa majani ya chai na maua, pengine na tikiti ya ndege. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inakuhusu hata wewe wa daraja la chini. Na unapombebea kampuni moja shida yake, ibebe kwa namna itakayomfaa na mshindani wake. Vinginevyo umekuwa wakala wa mtu kwa mshahara wa umma.

Yule mama kontena lake lilitoka siku ya 19, baada ya kielelezo cha sahihi kupelekwa na ubalozi kukikabidhi kwa mkono. Gharama za kukaa bandarini alilipa mwenyewe, na risiti akanitumia picha bila neno lolote. Miezi kadhaa baadaye alinipigia tena. Alikuwa anapakia kontena la pili. Hakunisalimia sana. "Yule aliyesaini," akasema, "bado yuko palepale?"

Nikamwomba anipe dakika 10, nikavaa koti nikaenda kuuliza. Alikuwa amehamishwa Ijumaa iliyopita.